Isale Nililompelekea Meku Leodegar

Jumanne, 8 Oktoba 1996

Nimepigwa kibuti. Naandika ili nione neno lenyewe linavyokaa kwenye karatasi. Linakaa vibaya.

Wala hakuniambia mwenyewe. Aliyemwona ni Theopista, Jumapili, alipokwenda kusali Himo kwa shangazi yake. Aminieli wangu, Mlutheri wa kuzaliwa, amekaa benchi la mbele kwa Wakatoliki, suti ya kijivu, katikati ya familia ya Meku Leodegar — yule mzee mwenye mashine ya kusaga. Pembeni yake binti wa Meku, anaitwa Mektrida. Baada ya misa watu wanawapa mikono ya hongera. Harusi Desemba, kabla ya Krismasi. Theopista alinisimulia huku anamenya ndizi, hakuniangalia usoni. Tunakaa chumba kimoja hapa Rau mwaka wa tatu, anajua nikitazamwa nalia.

Miaka mitatu pia na Aminieli. Na Aprili hii wajomba zake walipanda kwetu Mamba na mbege, madebe mawili, Baba akanywa, akatamka mbele ya ukoo kwamba amepata mkwe. Mbege ya watu imenyweka, mtu mwenyewe kahamia Himo!

Sitalia. Nitamkomesha.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimeamka saa kumi na moja kama kawaida. Maji, pasi, uji. Saa mbili nimefungua duka la vitabu, mama bosi kafika saa nne, hajagundua kitu. Nimeuza madaftari na rula. Wateja wakipungua nasoma chini ya kaunta — siku hizi nachagua vitabu ambavyo watu wanakufa.

Nimekumbuka kitabu changu cha upelelezi, chenye jalada jekundu. Anacho Aminieli tangu mwezi wa saba. Wakati ule alikuwa amesahau siku yangu ya kuzaliwa, nikakata ukurasa wa mwisho kwa wembe ndipo nikamwazima. Nilitaka aje mbio kuniuliza muuaji ni nani. Wiki ikapita. Mwezi ukapita. Nikamuuliza mwenyewe, vipi kile kitabu? Akasema kizuri mno, hasa mwisho wake.

Pale ndipo nilipaswa kufunga virago. Mwanamume anayesifia mwisho ambao haupo, utamwamini kwa lipi? Mimi nilicheka tu, nikamwona mchangamfu. Ujinga wangu nao ni wa kuandikiwa kitabu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Tumeanza kazi.

Aminieli anauza viatu vya mitumba sokoni. Theopista alimwita kando kuulizia raba za mdogo wake, akamganda kama kupe. Mimi nikapita nyuma ya turubai, nikabadilisha viatu vya kushoto, jozi kama ishirini. Saizi nane na saizi sita. Cheusi na kahawia. Cha kike na cha askari. Jasho limenitoka mpaka mgongoni. Halafu tukakaa mgahawa wa ng'ambo, chai na maandazi, tungoje aaibike.

Alipogundua alisimama kidogo, mikono kiunoni. Akacheka. Akapanda juu ya boksi, akaanza kuita watu: leo ni siku ya kumtafuta mwenzake, atakayekamilisha jozi anapunguziwa bei! Soko zima likahamia kwake. Wamama wanapekua, wanasukumana, wanaitana, hiki hapa, hiki hapa. Hadi saa kumi alikuwa amemaliza fungu lote.

Theopista mwenyewe alikwenda akarudi na jozi. Eti zilikuwa nzuri. Nimemnunia mpaka sasa naandika.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimetoka nyumbani Mamba. Nina moyo mzito na habari tamu, nianze na mzito.

Baba haendi tena kilabuni. Kila Jumamosi jioni, tangu nikiwa mtoto, alikuwa anakwenda kunywa mbege na wenzake wa rika. Sasa anakaa nyumbani na chai na redio. Mama kaninong'oneza jikoni: wanamuuliza mkwe wake kapotelea wapi. Kuna mmoja kamuuliza kama ile mbege ya Aprili ilikuwa ya posa au ya matanga. Wakacheka wote. Baba akaweka kata chini, akaondoka. Mimi hajanilaumu hata kwa neno moja. Leo ibadani, yeye Eliufoo, mzee wa kanisa, kakaa nyuma karibu na mlango.

Sitaki Aminieli arudi. Hapa hakuna anayesoma, kwa hiyo nasema kweli. Nataka aje aombe radhi. Aje na isale mkononi kama mtu aliyelelewa na watu, amkabidhi Baba, aseme nimekosa. Basi. Jani moja tu. Masale yameota kwenye mpaka wa kila kihamba, kila shamba la migomba, mlima mzima, hayanunuliwi, na yeye kashindwa kuchuma moja.

Sasa habari tamu. Jana nilikuwa nakata majani ya ng'ombe pale mpakani, nikayatazama masale yetu, akili ikanijia. Mbaya, lakini tamu! Isale halipelekwi bure. Likifika kwa mtu, maana yake aliyelipeleka ana kosa. Je, likifika kwa Meku Leodegar kwa jina la Aminieli? Mzee atatulia? Atamwita, atamuuliza: kosa gani? Umemfanyia nini binti yangu? Na Aminieli hajui hata kama limepelekwa. Akikana ataonekana mwongo. Akikiri, atakiri lipi? Ninavyomjua, ana mengi ya kuchagua.

Nimechuma moja, refu, halina doa. Nikalifunga fundo kama Bibi alivyokuwa akifunga. Leo wakati wa kurudi nikateremka Himo. Yule mama anayepeleka maziwa nyumba hadi nyumba, Dominika, nilimkuta njiani na madumu yake. Shikamoo mama. Marahaba mae. Nikamwambia nimetumwa — hili ni la Meku Leodegar, limetoka kwa mkwe wake Aminieli, mwenyewe anaona aibu kuingia.

Alishusha dumu. Akalipokea kwa mikono miwili, akalitazama, hakuuliza neno. Akaenda nalo taratibu, maziwa kayaacha pale pale kando ya njia.

Jumatano, 23 Oktoba

Kimya.

Nimepanga penseli dukani kwa rangi, nikazipangua, nikazipanga tena. Mama bosi kaniuliza kama naumwa. Nikasema jino.

Jumapili, 27 Oktoba

Afadhali ningeumwa jino kweli.

Theopista kanirudia na habari yote, maana shangazi yake na Meku wanapakana ua. Isale lilifika. Meku Leodegar alilipokea, akaliweka juu ya kabati la vyombo, akaita wazee wawili wa ukoo, ndipo akamwita Aminieli. Akamwambia: nimepokea isale lako, mwanangu, sasa sema. Hadi hapo nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, mikono naisugua.

Aminieli kalitazama lile jani juu ya kabati. Jasho lilimlowesha kola. Halafu, mjanja yule, hakuuliza isale gani. Akainama. Akasema ni kweli Meku, nina kosa. Kuna binti wa watu Mamba, wajomba zangu walipeleka mbege kwao, nami nimemwacha bila neno. Dhamiri inanichoma.

Meku akatoa leso! Akasema vijana wa sasa hata ukiwakuta na kuku kwapani wanakana, huyu kaleta isale kabla ya kushtakiwa. Akamsamehe pale pale. Wazee wakapiga makofi. Na sasa Himo nzima inamsifu.

Na mimi mtoto wa Mamba, niliyekua nikiyaona masale kabla sijajua kusoma, nilisahau nini? Isale halikataliwi. Ukilishika mkononi umeshasamehe, na ukikataa, balaa linageukia kwako na kizazi chako. Nilihesabu maswali atakayoulizwa, nikasahau kwamba mzee alikwishafungwa mikono siku ile ile Dominika alipoingia na jani. Nimempelekea adui yangu msamaha. Tena nimeufunga fundo mwenyewe.

Theopista alicheka mpaka akalala chali. Kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimemtupia mto, nikamtupia na kitabu.

Jumatatu, 11 Novemba

Barua kutoka kwa Mama. Kaileta dada mmoja wa kwaya aliyekuja hospitali.

Meku Leodegar katuma mjumbe kwa Baba. Kasema yeye kwa upande wake amesamehe, lakini waliokosewa hasa ni Eliufoo na binti yake. Hawezi kumwoza Mektrida kwa mtu mwenye kinyongo cha watu mgongoni. Kwa hiyo Jumamosi ya tarehe 30 Aminieli atapanda Mamba na mjomba wake, na mbege, na isale jipya. Meku mwenyewe atafuatana nao ashuhudie. Baba apokee, na mimi nipokee. Mmoja wetu akikataa, harusi hakuna.

Nimeisoma mara tatu. Mmoja wetu akikataa! Nimecheka peke yangu hadi mteja aliyekuwa anajaribu kalamu akanisogezea karatasi, akauliza mwandiko wake una nini.

Sasa nimeshika mpini. Nitakaa mbele yao, nitalitazama hilo jani, nitasema hapana. Balaa lije. Nitalikaribisha chai.

Theopista hakucheka. Kasema Eunike, lakini hilo ndilo ulilokuwa unalitaka, aje na isale. Nikamwambia nilitaka aje kwa miguu yake, si kwa kuswagwa na Meku kama ng'ombe wa mnada. Akasema mguu ni mguu. Wakatoliki wana majibu mepesi.

Ijumaa, 22 Novemba

Leo nimemwona.

Kaingia dukani saa tano, gauni la bluu, kaniamkia vizuri, kauliza kama tuna kitabu fulani cha upelelezi. Akatoa kwenye mkoba nakala yake ili nione jina. Jalada jekundu. Kitabu changu! Ukurasa wa kwanza, pale nilipoandika Eunike, pamesuguliwa kwa ufutio hadi karatasi imekuwa nyembamba. Ndipo nikajua huyu ni Mektrida. Yeye hakunijua.

Kasema mchumba wake kamwazima. Kakisoma kwa siku mbili, hata ugali umeungua, kufika mwisho — ukurasa hakuna. Kamuuliza mchumba, kamjibu mwisho ni mzuri sana. Tukatazamana. Akacheka yeye kwanza. Kasema dada yangu, hajakisoma yule, wala mwanzo. Nami nikacheka. Sikutaka, nilicheka tu, tukawa tunashikilia kaunta wote wawili. Ni mtu mzuri. Nimekereka sana kuona ni mtu mzuri.

Akasema, lakini mtu anayekata ukurasa wa mwisho kwa wembe, huyo ana roho ya namna gani?

Kicheko kikaniisha. Nikamwambia kitabu hatuna, kiliisha, ila mimi nilikisoma. Akanisogelea kama mtoto: muuaji ni nani, niambie. Nikamwambia ni daktari.

Si daktari. Ni mpishi. Naandika hapa ili walau pawe na sehemu moja nimesema kweli. Alinishukuru kwa mikono miwili, akaenda zake ameridhika. Nilijiona mshindi mpaka saa nane hivi, nilipofungua chakula changu, kiburu nilichobeba, nikashindwa kukimeza.

Jumanne, 26 Novemba

Mama bosi kanipa ruhusa ya Jumamosi. Kaniuliza ni sherehe? Nikasema sijui bado.

Nafanya mazoezi ya neno hapana. Mbele ya kioo linatoka vizuri. Theopista kasema nakunja pua nikilisema, nionekane nina hasira bila pua.

Jumamosi, 30 Novemba

Mamba. Saa tisa mchana. Niko jikoni kwa Mama, nimekaa kwenye kigoda, daftari juu ya goti. Wako sebuleni. Bado hawajaniita, naandika haraka.

Walifika saa saba. Meku Leodegar kwanza, fimbo na koti, mvi tupu, kamsalimu Baba kwa kushika kofia. Mjomba wa Aminieli na dumu la mbege. Mwisho mwenyewe, suti ile ile ya kijivu, isale mkononi. Kapita mbele ya dirisha la jiko bila kutazama. Kakonda kidogo. Nimeona, sikutaka kuona.

Wamenywa kata ya kwanza. Redio imezimwa. Ukuta wa mbao huu unapitisha kila neno. Aminieli kasimama. Sauti yake ileile ya kuuza viatu, ila ameishusha. Baba Eunike, nimekosa. Niliingia nyumbani kwako, ukanipa heshima, nikaitupa. Hapo, nakiri, nilishika mdomo. Maneno yenyewe yalikuwa haya niliyoyataka tangu Oktoba, kama vile nilimwandikia.

Angeishia pale!

Akaendelea. Kasema hakulazimishwa na mtu. Kasema tangu mwanzo dhamiri ilimwamsha mwenyewe. Akasema: siku ile nilipolichuma isale la kwanza, Meku, la kukuletea wewe — ilikuwa alfajiri, umande bado. Nilipiga magoti kwanza nikasali. Nililifunga fundo huku nalia.

Analifunga yeye! Umande! Nililichuma mimi saa kumi jioni, na mundu wa majani ya ng'ombe mkononi, na sikuwa nasali, nilikuwa nacheka. Kaninyang'anya miaka mitatu, kaninyang'anya kitabu, sasa kaninyang'anya na ubaya wangu, kaufanya wema wake. Na Meku anasikika anapenga kamasi. Mzee wa watu analia kwa machozi ya kweli juu ya umande ambao haukuwepo.

Nimesimama niingie. Nimesema moyoni nitasema mbele yao wote: mwongo, lile lilikuwa langu. Nimefika mlangoni nikarudi. Nikisema, Meku atajua msamaha wake uliibwa. Harusi itakufa hapo hapo, ndiyo, vizuri. Lakini kesho kilabuni hawatasema Aminieli mwongo. Watasema binti ya Eliufoo kachezea isale. Hakuna anayelichezea. Baba atahama benchi la nyuma, atakaa nje kabisa.

Mama kaingia kuchukua kata nyingine. Kasema, Baba yako amepokea. Machozi yamemjaa Mama. Na kweli, nasikia sauti ya Baba — anacheka. Mjomba wa Aminieli kasema jambo juu ya madebe mawili ya Aprili, na Baba anacheka, kicheko kile cha tumboni. Tangu Aprili sijakisikia. Wanasema leo jioni wote wapitie kilabuni, waonekane.

Sasa wanataja jina langu. Mtu mmoja bado.

Nimejaribu kulisema lile neno taratibu. Pua imejikunja. Mektrida anangoja Himo, labda amekaa na gauni lake, hajui muuaji wa kitabu ni nani, wala wa maisha yake. Nikikataa namwokoa na mwongo. Nikikataa, namwonea. Yote mawili ni kweli, na hakuna wa kumuuliza.

Baba.

Kaja mwenyewe, hajamtuma Mama. Kasimama hapa mlangoni, isale kalishika kwa mikono miwili, kavaa koti lake la ibada. Nilifikiri ataniambia usiniaibishe. Kasema kwa sauti ya chini wasisikie kule: "Mwanangu, yule kijana anadanganya. Mtu aliyelia kweli hakumbuki umande." Kasema tena, "Mimi sikumpokea yeye. Nimepokea isale. Yeye ana Mungu wake."

Halafu kasema, "Wewe ukiona huwezi, usilishike. Nitatoka niwaambie mimi, na nitasimama na wewe."

Na hajui jani la kwanza lilitoka kwenye mpaka wake. Au anajua. Ananitazama mikono, si uso.

Wameanza kuimba wimbo wa kanisa kule ndani wakingojea. Mkatoliki na Walutheri, sauti ya Meku inapotea kila mstari. Baba bado amesimama. Kaniuliza naandika nini. Nikasema mambo ya dukani.

Kasema, "Basi malizia, uje."

Nimemwambia naja. Sikumwambia naja kufanya nini.